Masika ya Unguja na Mvua za Ganga

Mwanzoni mwa karne iliyopita, idara ya hali ya hewa ya India ilipotaka kujua kama mvua za mwaka zingetosha, ilitazama mambo manne: theluji iliyolala kwenye milima ya Himalaya mwishoni mwa Mei, mgandamizo wa hewa kisiwani Mauritius, mgandamizo wa hewa Amerika ya Kusini, na mvua za masika za Zanzibar. Theluji ikiwa nyingi, au masika yakizidi Unguja mwezi Aprili na Mei, watabiri wa India walianza kuingiwa na wasiwasi. Aliyepanga hesabu hiyo ni Gilbert Walker, mwanahisabati aliyesoma shule ya St Paul's hapa London, akaenda Cambridge, kisha akaongoza vituo vya hali ya hewa vya India kuanzia 1904 hadi 1924. Aliporudi alipewa uprofesa wa elimu ya hali ya hewa katika chuo cha Imperial College, mtaa wa South Kensington.

Watu wa pwani tukikutana hapa London huzungumzia mvua za kwetu kana kwamba ni zetu peke yetu: masika yamechelewa, vuli zimekatika, Mungu atusaidie. Wahindi wa Southall na Wembley nao wana mazungumzo yao ya monsuni. Ni nadra pande hizi mbili kuambiana kwamba zinazungumzia bahari moja na upepo mmoja. Ndiyo maana naandika haya. Majira ya uwanda wa India kaskazini yanaanzia upande wetu wa bahari, na mtu wa Lamu au wa Unguja ana kila sababu ya kuyajua kama anavyoyajua ya kwao.

Jimbo la Uttar Pradesh lina eneo la kama robo ya Tanzania, na sensa ya 2011 ilihesabu humo watu karibu milioni 200. Sehemu yake kubwa ni udongo ulioletwa na Ganga, Yamuna na mito inayoingia humo, ukatandazwa kati ya Himalaya upande wa kaskazini na miinuko ya mawe upande wa kusini. Varanasi iko mamia ya kilomita kutoka baharini, lakini ni mita 80 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Katika nchi tambarare kiasi hicho hakuna mwinuko wa kuleta ubaridi wala bahari ya karibu ya kupunguza makali, kwa hiyo mji mmoja kama Lucknow unaweza kupita digrii 45 mwezi Mei na kushuka chini ya digrii tano usiku wa Januari. Kalenda ya kale ya Kihindu huugawa mwaka wa huko katika majira sita ya miezi miwili miwili. Idara ya hali ya hewa hutumia manne. Mkulima anahesabu mawili: rabi, yaani ngano, haradali na dengu zinazopandwa baada ya mvua na kuvunwa Machi na Aprili, na kharif, hasa mpunga, unaosubiri mvua za Juni.

Baridi ya uwanda huo ni baridi ya ukungu. Desemba na Januari hewa ya usiku hupoa na kutulia chini, unyevu wa mashamba yaliyomwagiliwa hugeuka ukungu, na tabaka la hewa yenye joto zaidi hukaa juu yake na kuuzuia usitawanyike. Treni za Kanpur na Prayagraj huchelewa kwa saa nyingi. Moshi wa magari, viwanda, matanuri ya matofali na majiko ya kuni huingia ndani ya ukungu huo na kubaki humo, na watu huuvuta hadi jua lipate nguvu.

London inaijua hali hiyo kwa machungu yake. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, tabaka kama hilo lilikaa juu ya bonde la mto Thames na kuubana chini moshi wa makaa ya mawe. Makondakta walishuka kwenye mabasi na kutembea mbele wakiwa na mienge ili dereva aone njia. Hesabu ya kwanza ilitaja vifo 4,000. Watafiti waliokuja baadaye wamefikia 12,000. Mwaka 1956 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya hewa safi. Tangu hapo Desemba ya London imeendelea kuwa na siku za hewa iliyotulia, lakini kinachochomwa ndani ya hewa hiyo kilibadilishwa kwa sheria. Wenye mamlaka Delhi na Lucknow wanayajua haya yote. Watoto wanaokohoa Kanpur leo wanastahili sheria yenye meno, na wanaistahili sasa.

Mvua chache za Januari na Februari huko hazitoki Bahari ya Hindi. Huletwa na mawimbi ya hewa yanayosafiri kutoka Mediterania kupitia Iran na Afghanistan. Zikija kwa kiasi, ngano hushiba. Zikija na mvua ya mawe mwezi Machi, huilaza chini siku chache kabla ya kuvunwa.

Kisha joto. Kufikia Mei, alasiri huvuma upepo mkavu wa magharibi uitwao loo, unaobeba ukali wa jangwa. Kazi za mashambani hufanywa alfajiri, na watu hunywa aam panna, kinywaji cha embe bichi lililochomwa kinachotiwa chumvi na bizari nyembamba. Tarehe 1 Juni 2024, siku ya mwisho ya kupiga kura katika uchaguzi mkuu wa India, wafanyakazi wa uchaguzi wasiopungua 33 walifariki katika Uttar Pradesh kwa siku hiyo moja ya joto. Walikuwa kazini kwa amri ya serikali. Nikisoma habari kama hiyo nakumbuka tarehe 19 Julai 2022, Heathrow ilipofika digrii 40.2, safari nyingi za treni zikafutwa, na nyumba za kijiji cha Wennington, pembezoni mwa London mashariki, zikateketea kwa moto. Kwa Jhansi au Banda, miji ya Uttar Pradesh, digrii 40 ni mchana wa kawaida wa Mei. Mwili wa binadamu ni uleule pote. Anayenusurika ni mwenye kivuli, maji na ruhusa ya kuacha kazi.

Halafu mvua. Monsuni hugusa Kerala, kusini kabisa mwa India, karibu na tarehe 1 Juni, lakini haiendi uwandani kwa njia iliyonyooka. Sehemu kubwa ya unyevu unaonyeshea bonde la Ganga hupitia Ghuba ya Bengal, hugonga milima ya Myanmar na Himalaya, kisha hugeuka na kuupanda uwanda kutoka mashariki kwenda magharibi. Gorakhpur hunyeshewa kabla ya Lucknow, Lucknow kabla ya Agra, na Gorakhpur hupata karibu mara mbili ya mvua ya Agra. Lucknow huitarajia katika wiki ya mwisho ya Juni au kabla yake kidogo. Julai peke yake huwaletea watu wa Lucknow zaidi ya milimita 200. London hupata milimita 600 hivi kwa mwaka mzima, nazo husambaa miezi yote bila mwezi mmoja kuuzidi mwingine sana. Aliyekulia katika mvua ya namna hii huhitaji kuelezwa jinsi wiki mbili za kuchelewa zinavyoweza kumaliza akiba ya familia nzima.

Mwangalie mkulima wa mpunga karibu na Gorakhpur mwezi huo wa Juni unapokwisha. Kitaluni ana miche ya wiki tatu, imesongamana, rangi yake kijani kibichi. Ikikaa wiki mbili zaidi bila kuhamishwa, huzeeka na mavuno hupungua. Ili kuihamisha anahitaji shamba lililojaa maji, tope la kufika kwenye kifundo cha mguu. Anaweza kuvuta maji ya kisima kwa pampu ya dizeli, lakini kila saa ya pampu ni pesa ya kukopa. Akivuta leo na mvua ikanyesha kesho, dizeli imepotea. Asipovuta na mvua ikakawia siku kumi, mpunga umepotea. Na mvua zikishaanza, bado hajatulia. Wakati wa monsuni kuna mkanda wa mgandamizo mdogo wa hewa unaolala juu ya uwanda, na mvua huufuata. Mkanda ukihamia miguuni mwa Himalaya, mvua hukatika uwandani kwa wiki au zaidi, huku mito inayoshuka kutoka Nepal ikifurika na kuingia vijijini. Mtu anaweza kuona mche wake unanyauka juma hili, na juma la pili akauona umezama.

Unyevu wote huo una asili yake, na asili hiyo inapita mbele ya milango yetu. Juni, kusini mwa ikweta ni majira ya baridi. Hewa hutiririka kutoka mgandamizo mkubwa ulio upande wa visiwa vya Mauritius na Reunion kuelekea mgandamizo mdogo juu ya nchi iliyochemka ya India kaskazini na Pakistan. Njiani hukuta nyanda za juu za Afrika Mashariki. Haiwezi kuzivuka kwa urahisi, kwa hiyo hujibana na kukimbia kando yake: kaskazini mwa Madagaska, pwani ya Tanzania na Kenya, Somalia, kisha Bahari ya Arabuni hadi India. Huo ndio upepo wa kusi wanaoujua wavuvi wetu, ule unaozifanya ngalawa zikae ufukweni siku nyingi za Julai.

Kwamba kusi ina kiini chenye nguvu nyingi juu angani kulijulikana kwa vipimo vya kutoka Kenya. Njia yenyewe ilikuwa ya jicho na subira. Puto dogo la mpira hujazwa haidrojeni na kuachiliwa. Mpimaji hulifuata kwa darubini iliyowekwa juu ya miguu mitatu, na kila dakika husoma pembe mbili, ya upande na ya kimo, mwenzake akiziandika, mpaka puto lizame katika wingu au lipotee machoni. Kwa pembe hizo hupatikana mwelekeo na kasi ya upepo katika kila kimo. Kutokana na rekodi za namna hiyo, za Garissa na kwingineko, mtaalamu wa Uingereza John Findlater alionyesha, katika makala zake za 1966 na 1969, kwamba kwenye kimo cha kama kilomita moja na nusu kuna mkondo mwembamba wa upepo unaoweza kupita kilomita 90 kwa saa, na kwamba mkondo huo huvuka ikweta ukielekea India. Wataalamu huuita kwa jina lake. Ningependa siku moja tupate pia majina ya waliosimama juani Garissa wakisoma pembe.

Mtu wa Mombasa ana haki ya kuuliza: kama upepo ni huo, mbona Julai kwetu ni manyunyu na Lucknow ni gharika? Sababu ni mbili kubwa. Upepo unaozidi kuongeza kasi na kutanuka unapokwenda mbele huvuta hewa ya juu ishuke, na hewa inayoshuka haijengi mawingu mazito. Tena, ukipita kandokando ya Somalia husukuma maji ya juu mbali na pwani, maji baridi ya vilindini yakapanda kuchukua nafasi yake, na maji baridi hutoa mvuke haba. Unyevu huchotwa zaidi mbele, katikati ya Bahari ya Arabuni yenye joto, na humwagwa hewa inapolazimika kupanda. Sisi ni njia yake. Wao ni mwisho wa safari.

London iliingia mapema katika elimu hii. Mwaka 1686 Edmond Halley alichapisha katika jarida la Royal Society makala na ramani ya pepo za bahari za joto, zikiwemo zile za Bahari ya Hindi zinazogeuka kila nusu mwaka. Alieleza kwamba jua hupasha hewa, hewa ya moto hupanda, na nyingine huja kujaza nafasi yake. Mwaka 1735 George Hadley, mwanasheria, akaongeza athari ya kuzunguka kwa dunia. Habari za Halley zilitoka kwa mabaharia, na katika bahari yetu elimu ya misimu ilikuwa mikononi mwa manahodha wa Kiarabu, Kihindi na Kiswahili kwa vizazi vingi. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, alikuwa ameandika nyakati za kung'oa nanga kwa pwani mbalimbali karibu karne mbili kabla ya ramani ile ya London.

Kilichoigeuza elimu hiyo kuwa kazi ya serikali ni njaa. Mwaka 1877 mvua zilikatika katika majimbo ya kaskazini-magharibi, ambayo leo ni sehemu kubwa ya Uttar Pradesh, baada ya kukatika kusini mwaka uliotangulia. Mamilioni ya watu walikufa India kati ya 1876 na 1878, na ngano iliendelea kupakiwa melini kuja Uingereza. Hapa sitaki kupita haraka, kwa sababu historia ya utabiri husimuliwa mara nyingi kana kwamba watu wale walikufa kwa kukosa hesabu nzuri. Chakula kilikuwepo, reli za kukibeba zilikuwepo, na waliotawala kutoka London na Calcutta waliamua kwamba soko lisiguswe. Kila ninapoisifu kazi ya wataalamu waliofuata, nataka msomaji akumbuke meli zile.

Henry Blanford, mkuu wa idara ya hali ya hewa iliyoanzishwa 1875, aliulizwa kama ukame unaweza kujulikana mapema. Mwaka 1884 alichapisha London hoja yake kwamba theluji nyingi Himalaya hufuatwa na mvua hafifu India, na 1886 utabiri wa msimu ukaanza kutolewa kila mwaka. Aliyemfuata, John Eliot, aligeuza macho baharini na visiwani. Kebo ya telegrafu ilikuwa imefika Zanzibar mwaka 1879, ikipita kutoka Aden kwenda Durban, hivyo habari za mvua ya Unguja zingeweza kufika Simla, makao ya kiangazi ya serikali ya India, kabla ya mvua yenyewe kufika Kerala. Lakini mwaka 1899 Eliot alitabiri mvua nzuri, na ukaja mmoja wa ukame mbaya kabisa katika kumbukumbu za India. Magharibi na katikati ya nchi kukawa na njaa kubwa. Miaka hiyohiyo Ukambani na Ugikuyuni watu walikuwa wakifa kwa ukame na ndui, huku reli ya kwenda Uganda ikijengwa kupita hapo na vibarua waliochukuliwa Punjab. Baadhi yao, bila shaka, walikuwa wameacha nyumbani mashamba yaliyotegemea upepo uleule.

Walker alirithi aibu ya 1899. Hakuwa mtaalamu wa hali ya hewa, na huenda hilo lilimsaidia. Aliweka makarani wa Kihindi kupiga hesabu za uwiano kwa mkono, kituo kwa kituo, mwaka kwa mwaka, ili aone ni kipimo gani duniani kinachotangulia mvua za India. Zanzibar ikabaki ndani ya fomula. Ukishaujua upepo, sababu inaeleweka: mvua zikiendelea kung'ang'ania ikweta hadi mwishoni mwa Mei, kusi haijapata nguvu ya kuuvusha unyevu kwenda kaskazini. Hesabu hizo zilimwonyesha pia jambo kubwa zaidi, kwamba mgandamizo wa hewa ukipanda Pasifiki hushuka Bahari ya Hindi, na kinyume chake. Mwaka 1924 akaliita Mbembeo wa Kusini. Alifariki 1958, kabla Jacob Bjerknes hajaonyesha, mwaka 1969, jinsi mbembeo huo unavyofungamana na El Niño. Bjerknes ndiye aliyeupa mzunguko wa hewa wa Pasifiki jina la Walker.

Fomula yenyewe haikudumu. Vigezo vilivyoifuata mvua kwa miongo kadhaa viliacha kuifuata, vikawekwa vingine, navyo vikachoka. Mwaka 2002 idara ya India ilitabiri mvua za kawaida. Zikapungua kwa asilimia 19. Lakini ile imani ya kwamba pande mbili za bahari husomeka pamoja ilirudi kwa nguvu. Mwaka 1999 jarida la Nature, la hapa London, lilichapisha utafiti wa N. H. Saji na wenzake ulioonyesha kwamba Bahari ya Hindi ina mbembeo wake yenyewe: kuna miaka maji yenye joto huegemea upande wetu, na kuna miaka huegemea upande wa Sumatra. Mwaka 2019 yaliegemea kwetu kwa nguvu ya nadra. Mvua za monsuni India zilifika asilimia 110 ya wastani. Mwishoni mwa Septemba, wakati Uttar Pradesh na Bihar zilipaswa kuanza kukauka, mafuriko yaliua watu wengi. Na monsuni haikuanza kuondoka hadi tarehe 9 Oktoba. Vuli za kwetu zikaja na gharika hiyohiyo. Novemba mlima uliporomoka Pokot Magharibi na kuua makumi, Somalia na Sudan Kusini zikafunikwa na maji, na unyevu ukawapa nzige wa jangwani mahali pa kuzaana.

Leo utabiri wa msimu hutolewa Nairobi kwa ajili ya Pembe ya Afrika na Pune kwa ajili ya India, na wote wanatazama joto la bahari ileile. Kazi yao naiheshimu sana. Ila mkulima wa Gorakhpur na mkulima wa Kitui wanauliza swali ambalo wastani wa msimu haulijibu: mvua itaanza siku gani, na itakatika kwa siku ngapi. Jibu la swali hilo linahitaji vipimo vya karibu vya upepo, vinavyochukuliwa kila siku mahali mkondo unapopita. Pwani ya Somalia, ambako mkondo wa Findlater una nguvu nyingi kuliko kwingine, vituo vyake vilisambaratika na serikali mwaka 1991, na vilivyofufuliwa tangu hapo ni vichache mno. Satelaiti zimeziba sehemu ya pengo hilo, si lote. Nchi zinazotoa fedha kwa ajili ya kuboresha utabiri wa mvua za India, Uingereza ikiwemo, zingeanza na maputo ya Kismayu, Mogadishu na Garissa, na mishahara ya kudumu ya watu wa kuyarusha.